Siku saba nyuma ya makabaila wa Tsar: kutoka Moscow mpaka Suida

Siku ya 1, Moscow

Mimi nasoma hapa Moscow, huu mwaka wa tano, na kila siku napita kwenye mitaa na majumba yenye majina ya watu ambao hawapo tena, Golitsyn, Sheremetev, Yusupov, Dolgorukov. Nyumbani Tanzania neno kabaila tulilisikia kwa wazee wetu wakikumbuka siasa za ujamaa, makabaila na mabepari, basi, hakuna aliyekaa chini kutuelezea kabaila ni mtu wa namna gani na anamtegemea nani. Huku ndo kwenyewe. Kwa hiyo likizo hii ya Juni nikaamua nifunge safari ya wiki moja niwafuate, nione walikaaje na mfalme wao, Tsar, karibu miaka mia tatu na ilikuwaje wote wakaondoka kwa pamoja. Nimeongozana na dada mmoja wa Mombasa anayesoma udaktari, ana macho makali kuliko mimi na anauliza maswali mpaka walinzi wa makumbusho wanasimama kumjibu.

Tumeanzia mtaa wa Varvarka, nyuma kidogo ya Red Square, kuna nyumba ya mawe ya ukoo wa Romanov kabla hawajawa wafalme. Wakati huo walikuwa mabwana wakubwa tu, huku wanaitwa boyar. Mwaka 1613 baraza kubwa la nchi likamchagua kijana wao Mikhail, ana miaka 16, awe Tsar, na ukoo ukakaa kwenye kiti mpaka 1917. Kitu kilichonishika humo ndani ni milango. Mifupi kweli, mimi si mrefu lakini kila chumba nimeingia nimeinama. Mama anayelinda chumba cha juu akasema ni kwa sababu ya baridi, joto lisitoke, alafu akaongeza kwamba pia mgeni akiingia lazima kichwa kishuke mbele ya mwenye nyumba.

Na hao wenye nyumba nao walikuwa wanainama kwa mwingine. Boyar akimwandikia Tsar barua alijiita kholop, yaani mtumwa, na jina lake analikata kama anaitwa mtoto, Ivan anakuwa Ivashka. Mtu ana vijiji, ana maelfu ya watu chini yake, ana ndevu mpaka kifuani, lakini barua inaanza mtumwa wako Ivashka. Wakati huohuo wao kwa wao walikuwa wanagombania kiti mezani kwa Tsar, nani akae juu ya nani, kwa kuangalia babu ya nani alikuwa juu ya babu ya nani, na kulikuwa na vitabu maalum vya hayo mambo. Mtu yuko radhi aadhibiwe kuliko kukaa chini ya asiyestahili. Vitabu hivyo vilichomwa moto 1682. Dada wa Mombasa akasema, "Sasa hawa watamkabili vipi mfalme na wao wanagombania viti?" Swali hilo nimetembea nalo wiki nzima.

Siku ya 2, Kuskovo

Kuskovo iko mashariki ya Moscow, zamani ilikuwa nje ya mji kabisa. Ni shamba la raha la ukoo wa Sheremetev. Ikulu ina rangi ya waridi, mbele kuna bwawa kubwa, na ukiigusa nguzo unagundua ni mbao, nyumba nzima ni mbao iliyopakwa ionekane jiwe. Ndani kuna ukumbi wa vioo, nje kuna kijumba kimepambwa kombe na mawe, dada kuona kombe akasimama hapo muda mrefu, mtu wa pwani.

Waliojenga na kupamba wengi ni watu wa Sheremetev mwenyewe, na nikisema watu wake namaanisha mali yake. Wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, watwana, shamba likiuzwa nao wanauzwa, na wakati mwingine wanauzwa bila shamba. Ukoo huu ulikuwa na watwana zaidi ya laki moja. Mmoja wao, Ivan Argunov, alikuwa mchoraji mzuri kiasi kwamba 1762 alichora picha ya Catherine wa Pili mwenyewe. Fikiria hapo, Malkia wa Urusi yote amechorwa na mtu ambaye kisheria ni mali ya mtu mwingine, na siku hizo magazeti ya Moscow yalikuwa yanatoa matangazo ya kuuza mpishi au msichana mshonaji palepale yanapotangazwa farasi.

Alafu kuna Praskovya. Binti wa mhunzi, alichukuliwa mdogo kulelewa kwa ajili ya jumba la maigizo la bwana, wasichana wote wakapewa majina ya vito na yeye akaitwa Zhemchugova, kwa kwetu ni Lulu. Akawa mwimbaji hodari kuliko wote. Bwana mdogo, Nikolai Sheremetev, akampenda, akampa uhuru 1798, na 1801 akamuoa Moscow kwa siri. Tajiri kuliko karibu kila mtu Urusi anaoa kwa siri kama anaiba! Mwaka 1803 Praskovya akajifungua mtoto wa kiume na wiki tatu baadae akafa. Picha yake yuko na joho lenye milia, mjamzito, uso umechoka. Dada akasema huyu mama anaumwa kifua, angalia macho, na kweli alikuwa na kifua kikuu. Hatukuongea sana njiani kurudi.

Usiku wa siku ya 2, kwenye treni

Tumepanda treni ya usiku kwenda St. Petersburg, wenyewe wanaita Piter, kama kilomita 650. Behewa la wazi la vitanda, mama wa behewa analeta chai kwenye glasi iliyovalishwa kikombe cha chuma, nje hakuwi giza kabisa maana ni Juni. Ndo hapo nikamsimulia dada habari za 1730, na hii kwangu ndo roho ya mambo yote, naomba nikae hapa kidogo. (Tarehe nitakazotaja ni za kalenda yao ya zamani, karne ile ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 11.)

Tsar Peter Mkuu alikufa 1725. Kabla ya kufa alishatoa sheria, 1722, kwamba Tsar anachagua mrithi anayemtaka mwenyewe, alafu akafa bila kuchagua. Januari 1730 mjukuu wake Peter wa Pili, mtoto wa miaka 14, akafa kwa ndui Moscow siku ileile aliyopangiwa kumuoa binti wa ukoo wa Dolgorukov. Makabaila wa nchi nzima walikuwa wamejaa mjini kwa ajili ya harusi, wakakuta msiba. Baraza la siri la watu wanane, wengi wao wa koo mbili tu, Dolgorukov na Golitsyn, likakaa usiku likasema tumlete Anna, mtoto wa kaka yake Peter Mkuu, mjane anayeishi kwa shida kule Mitau, siku hizi ni Latvia. Lakini wakaandika masharti. Asiolewe, asiteue mrithi, asianzishe vita, asiweke kodi mpya, asimnyang'anye kabaila uhai wala mali bila hukumu, vyote mpaka baraza likubali. Anna akatia saini.

Yaani walifanikiwa! Mwenye kiti cha enzi cha Urusi amefungwa kwa karatasi na saini yake mwenyewe. Ikadumu mwezi mmoja. Maana makabaila wengine, wale wadogo waliokuja harusini, waliposikia wakaona hapa tunatoka kwa bwana mmoja tunaenda kwa mabwana wanane. Wakaandika mipango yao, wakabishana, wakagawanyika, na tarehe 25 Februari wakaingia Kremlin pamoja na maafisa wa kikosi cha walinzi wakamuomba Anna atawale bila masharti kama wazee wake. Akaagiza ile karatasi iletwe, akaichana mbele yao. Wao wenyewe ndo waliomuomba! Na karatasi hiyo iliyochanwa bado imetunzwa Moscow kwenye hifadhi ya nyaraka, tumeiacha nyuma yetu.

Dada akanyamaza kidogo kisha akasema, "Walimuogopa jirani kuliko mfalme." Sikuwa na la kuongeza, tukalala.

Siku ya 3, Piter

Asubuhi moja kwa moja ng'ambo ya mto Neva, kisiwa cha Vasilyevsky, ikulu ya Menshikov. Huyu hakuwa na ukoo wa kujivunia, watu wanasimulia utotoni aliuza maandazi ya nyama barabarani Moscow, akawa rafiki wa Peter Mkuu, akapewa cheo cha knyaz, cheo kikubwa cha kikabaila, akajenga nyumba nzuri kuliko ya Tsar mpaka sherehe za Tsar zinafanyika kwake. Kuna vyumba ambavyo kuta na dari vyote ni vigae vya buluu vya Uholanzi, maelfu, kila kimoja na kapicha kake, mvuvi, meli, mtoto na mbwa. Nimekaa naangalia kigae kimoja chenye mtu na jahazi mpaka mlinzi akanifuata kuona nafanya nini.

Peter ndo aliyewageuza boyar kuwa watumishi. Aliporudi kutoka Ulaya 1698 akaanza kuwakata ndevu kwa mkono wake, baadae anayetaka kubaki nazo analipa kodi na anapewa sarafu ya kuonyesha. Wakalazimishwa kutumikia maisha yote, jeshini au ofisini, na 1714 akatoa amri kwamba kijana wa kabaila asiyejua hesabu asiozwe. Alafu 1722 ikaja orodha ya vyeo, ngazi 14. Hata mtoto wa mtu wa kawaida akipanda mpaka ngazi ya 8 upande wa ofisini anakuwa kabaila yeye na kizazi chake, upande wa jeshi hata ngazi ya chini kabisa ya afisa inatosha. Maana yake ubwana sasa unatoka mkononi kwa Tsar, kaburi la babu yako haliulizwi sana kama zamani. Orodha hiyo ilidumu mpaka 1917, na baba yake Lenin, huyo kiongozi wa mapinduzi ya 1917, alipanda ngazi hizohizo, alikuwa mkaguzi wa shule, kwa hiyo Lenin kwa karatasi alikuwa kabaila wa kurithi.

Menshikov mwisho wake? Peter alipofariki akajiona yeye ndo nchi, akataka binti yake aolewe na mfalme mtoto, 1727 akakamatwa akapelekwa Berezov, Siberia, akafia huko 1729. Waliomuangusha walikuwa Dolgorukov. Na 1730 baada ya karatasi kuchanwa Anna akawapeleka Dolgorukov wapi? Berezov hiyohiyo.

Siku ya 4

Mvua kutwa. Hosteli tuliyolipia ikasema majina yetu hayapo, ikatuchukua mpaka saa nane mchana kupata nyingine, nimekasirika lakini yamepita. Jioni ilipokatika tukatembea mpaka uwanja wa Seneti penye sanamu ya Peter juu ya farasi. Hapa tarehe 14 Desemba 1825 maafisa vijana wa kikabaila walitoa askari kama 3,000 wakakataa kumuapia Tsar mpya, Nicholas wa Kwanza, wakitaka katiba na watwana waachiwe. Walisimama kwenye baridi kutwa nzima wakimsubiri kiongozi wao ambaye hakuja, jioni wakapigwa mizinga. Watano walinyongwa Julai 1826 ng'ambo kwenye ngome ya Peter na Paul, na kamba za watatu zikakatika, wakanyongwa tena.

Siku ya 5, Hermitage

Makumbusho ndani ya ikulu ya majira ya baridi ya Tsar, umati mkubwa, nitapita haraka maana dhahabu ni dhahabu. Ila kuna ukumbi mrefu mwekundu wenye picha za majenerali waliopigana na Napoleon 1812 mpaka 1814, picha 332, uso baada ya uso baada ya uso, na katikati yao fremu 13 hazina sura, kitambaa cha kijani tu na jina chini, wale ambao picha zao hazikupatikana. Nilikuwa namtafuta mmoja, Sergei Volkonsky. Huyu alipigana vita vile, alikuwa mtoto wa mojawapo ya koo kubwa kabisa, na 1825 alikuwa upande wa wale wa Desemba. Nicholas akampeleka Siberia na picha yake ikaondolewa, ukumbi ukafunguliwa 1826 yeye hayumo. Mke wake Maria akamfuata Siberia akiacha mtoto mchanga. Picha ilirudishwa ukutani 1903 tu, Volkonsky alishakufa zamani. Yumo sasa, kijana mwenye nywele nyeusi, koti la jeshi, anaangalia pembeni. Nimepiga picha moja tu.

Hapa kwenye hizi ngazi nikamwambia dada jambo la Tsar Peter wa Tatu. Tarehe 18 Februari 1762 alitoa tamko kwamba makabaila hawalazimiki tena kutumikia, ni hiari. Kumbuka hesabu ya zamani ilikuwa hivi, kabaila anamtumikia Tsar na mkulima anamtumikia kabaila ili aweze kumtumikia Tsar. Sasa wa juu kafunguliwa. Wakulima wakasubiri zamu yao, na kwa akili ya kawaida ilikuwa haki yao kusubiri. Ilikuja tarehe 19 Februari 1861. Miaka 99 na siku moja! Zaidi ya watu milioni 20 wameshikiliwa miaka 99 baada ya sababu yenyewe kuisha, na hata 1861 ardhi wakatakiwa kuilipia kwa awamu za miaka 49.

Katikati hapo alikuwepo Catherine. Yeye aliingia kwa mapinduzi, Juni 28, 1762, Alexei Orlov akamuamsha alfajiri, vikosi vya walinzi vikamuapia, na mume wake Peter wa Tatu aliyewapa makabaila uhuru akafa mikononi mwao Ropsha siku nane tu baadae. Catherine alijua nani kamuweka. 1765 akaruhusu mabwana wawapeleke watwana kazi za suluba, 1767 akakataza mtwana kumshitaki bwana wake kwa malkia, 1785 akawapa makabaila hati kubwa ya haki, hawachapwi, hawatozwi kodi ya kichwa, hawahukumiwi ila na wenzao. Hii ni hati aliyowapa yeye. Wao kumuandikia yeye masharti, hapana, hilo halikujaribiwa tena kwa namna ya 1730.

Siku ya 6

Kasri la Mikhailovsky, jekundu, lilizungushiwa mifereji ya maji na madaraja ya kunyanyua. Paul, mtoto wa Catherine, alijenga kwa hofu ya kuuawa, akahamia Februari 1801, akakaa siku 40. Huyu alirudisha viboko kwa makabaila na alikuwa anafukuza maafisa kwa kosa la kifungo cha koti tu. Usiku wa kuamkia Machi 12 maafisa wakaongozwa na watu wake wa karibu, gavana wa mji Pahlen akiwemo kwenye njama, wakapanda mpaka chumbani wakamuua. Nchi ikatangaziwa amekufa kwa kiharusi. Chumba hicho baadae kikafanywa kanisa. Tumesimama chini tunahesabu madirisha, na nilikuwa na uzito moyoni, kwa sababu watu walewale waliokuwa na ujasiri wa kuua mfalme chumbani kwake asubuhi yake walimuapia mwanae kwa madaraka yaleyale, bila sharti hata moja.

Jioni nyumba ya Yusupov kwenye mto Moika, alikouawa Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa na nguvu kwenye familia ya Tsar, Desemba 1916. Kabaila tajiri na mtoto wa ukoo wa mfalme wanamuua mtu kwenye chumba cha chini ili kuokoa kiti cha enzi. Miezi michache baadae Nicholas wa Pili, Tsar wa mwisho, akajiuzulu. Novemba 1917 vyeo vyote vikafutwa kwa tamko moja.

Siku ya 7, Suida na Kobrino

Hii ndo niliyoingoja. Treni ya wilaya kutoka kituo cha Baltiysky kuelekea Luga, vijiji, miti myeupe ya biriozi, tukashuka Suida. Hapa aliishi na kuzikwa Abram Petrovich Gannibal. Mtoto wa Kiafrika, alichukuliwa mpaka Istanbul, 1704 akaletwa kwa Peter Mkuu, mwaka uliofuata akabatizwa na Tsar mwenyewe akasimama kama baba wa ubatizo. Petrovich ni bin Peter. Mtoto aliyenyang'anywa kwao akapewa bin ya mfalme. Akasoma uhandisi wa kijeshi Ufaransa, Peter akafa, Menshikov akamtupa Siberia, Elizabeth, binti wa Peter Mkuu, alipotwaa kiti 1741 akampa vijiji upande wa Pskov, na 1742 akaandika kuomba hadhi ya ukabaila akieleza kwamba kwao Afrika pia alitoka ukoo mkubwa. Akafika jenerali. Mshairi Pushkin ni kitukuu chake, yaani bibi yake mzaa mama... hapana, niseme vizuri, Gannibal ni babu wa mama yake Pushkin.

Nyumba kubwa iliungua zamani, lililobaki ni jengo dogo la mbao ndo makumbusho. Kwenye bustani kuna jiwe kubwa limechongwa kama kochi, wanasema alikuwa anakaa hapo uzeeni. Tumekaa. Jiwe la baridi, moss imeota kwenye maegemeo, mbu wengi. Kaburi lake halisi halijulikani lilipo, kuna jiwe la ukumbusho tu. Nilikuwa nimejiandaa kujivunia, na nimejivunia kweli, sikatai.

Lakini Suida hii aliinunua 1759 pamoja na watu wake. Ndani ya watu hao alikuwemo kitoto cha kike cha mwaka mmoja, Arina, ambaye baadae ndo akawa yaya wa Pushkin. Mwafrika aliyefika akiwa zawadi alikuwa anamiliki mtoto huyu. Tukaenda mpaka Kobrino, kijiji cha jirani, nyumba aliyoishi Arina bado ipo, ya magogo, chumba kina jiko kubwa la udongo, benchi, susu ya kulaza mtoto inaning'inia darini. Mlango mfupi. Nikainama kuingia.

Mama anayetunza akatuletea daftari la wageni. Akatueleza kwamba mtwana kama Arina hakuwa na jina la ukoo rasmi, ni jina na la baba tu, Arina Rodionovna. Dada akachukua kalamu, akakaa kwenye benchi karibu na dirisha, akaandika tarehe, Mombasa, na chini yake kwa herufi kubwa: Arina binti Rodion. Mama akauliza hiyo binti maana yake nini, nikamtafsiria, akalisoma tena polepole kwa lafudhi yake, bin-ti, alafu akatuomba tumuandikie na la mama yake Arina, anaitwa Lukerya.